Stelingi Akishatoka Mikononi mwa Mchezaji

Watoto wa mabanda ya gemu, wa Chikongola na wa Mikindani vilevile hapa Mtwara, wanajua sheria moja kabla hawajaweza kusoma Kiingereza cha kwenye skrini: kwenye sinema stelingi hafi, kwenye gemu stelingi anakufa kutwa nzima. Anaanguka, unabonyeza, anasimama. Anaanguka tena, zamu yako imekwisha, pedi inahamia kwa mwenzako naye anaendelea na mtu yuleyule. Siku gemu inapomalizika, ushindi ule una jasho lenu. Hamkusimuliwa, mliufanya.

Filamu ya katuni inayoendeleza gemu inaanza ikiwa na deni hilo. Inamchukua mtu uliyemwangusha na kumwinua mara mia, inampa uso na sauti, inamsimamisha mbele yako, kisha inakwambia weka pedi chini utazame. Nyingi zinakwama hapo. Lawama huangukia hadithi ngumu, picha za kompyuta au sauti za waigizaji, lakini kasoro kubwa haipo huko. Waandishi hawajui waufanyie nini ushindi wa mchezaji. Wanaupita kana kwamba haukutokea, wanaleta adui mpya kutoka mbali, ngumi zinapigwa, watu wanakwenda nyumbani. Mwendelezo unaosimama ni ule unaochimba palepale kwenye ushindi na kuuliza uligharimu nini, na nani bado analipa.

Mfano bora, pamoja na makosa yake, ni Final Fantasy VII: Advent Children ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Tetsuya Nomura akisaidiana na Takeshi Nozue, ikaandikwa na Kazushige Nojima. Gemu yenyewe ilitoka Japani mwaka 1997 kwa PlayStation ya kwanza, diski tatu, kazi ya saa 40 hivi kwa mtu asiyepita kila kichochoro. Kampuni ya Shinra inafyonza uhai wa sayari na kuugeuza kuwa umeme wa jiji la Midgar. Sephiroth, askari wake maarufu aliyeasi, anaita kimondo kije kuijeruhi sayari. Aerith, binti pekee anayejua dua ya kukizuia, anauawa na Sephiroth mwishoni mwa diski ya kwanza. Cloud, stelingi ambaye mchezaji anamwendesha, na wenzake wanamshinda Sephiroth, na mkondo wa uhai unabubujika kutoka ardhini kukikabili kimondo. Hapo mchezaji anapumua.

Nojima alipokabidhiwa hadithi ya baada ya hapo hakwenda kutafuta sayari nyingine. Miaka miwili imepita, na mkondo uleule uliookoa dunia umewaachia watu ugonjwa. Mabaki ya Jenova, kiumbe aliyekuja kutoka nje ya sayari, yamo ndani ya mkondo. Mwili unapopambana nayo, ngozi inatoka vidonda vyeusi vinavyochuruzika. Watoto ndio wanaoteseka zaidi. Cloud mwenyewe anao, mkono wa kushoto, anauficha. Amehama nyumba aliyokuwa akiishi na mwenzake Tifa na watoto wawili, Marlene na Denzel, na Denzel ni mgonjwa. Dawa ya jana imekuwa sumu ya leo. Aliyecheza gemu inamgusa kwa namna ya pekee, kwa sababu mkono wake ulikuwemo kwenye ile dawa.

Tazama jinsi filamu hii inavyotumia kumbukumbu ya mchezaji mahali pamoja tu. Tifa anapigana na Loz, mmoja wa ndugu watatu ambao ni maadui wapya, ndani ya kanisa bovu ambamo Aerith alikuwa akiotesha maua. Mabenchi yanapasuka, Loz anatupwa, vumbi linatanda. Kimya. Kisha inasikika tuni fupi ya tarumbeta ambayo gemu huipiga kila pambano linapomalizika kwa ushindi. Aliyecheza amekwisha kuisikia mara mamia. Mabega yanashuka yenyewe. Halafu inagundulika kuwa ni simu ya Loz inaita. Hajapigwa, anainuka kuipokea, na Tifa bado ana kazi kubwa mbele yake. Ambaye hajawahi kushika pedi ameona adui anayepigiwa simu katikati ya ugomvi, na hajapungukiwa kitu. Aliyecheza ameonjeshwa ushindi na kunyang'anywa kupitia sikio. Hakuna aliyesimamisha hadithi kueleza. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyotakiwa kufanya kazi: ibebe tukio, isiwe picha ya ukutani iliyowekwa ili mashabiki wanyoosheane vidole.

Makosa yake nayo ni makubwa. Baada ya kuuliza swali zito kuhusu mtu mzima anayekimbia watoto wagonjwa kwa sababu anaogopa kushindwa tena, filamu inamrudisha Sephiroth na kuligeuza swali kuwa pambano la panga. Cloud anammaliza kwa lile pigo kuu ambalo mchezaji alilitumia kummaliza kwenye gemu. Ni zuri kulitazama, lakini ni ushindi wako ukirudiwa na mtu mwingine. Watoto wanapona kwa mvua na maji yanayotoka kwa Aerith, wala si kwa uamuzi wowote wa Cloud. Kurudi kwake nyumbani, ambako ndiko kulikokuwa kunangojwa tangu mwanzo, kunapewa muda mdogo kuliko pikipiki zake.

Sababu mojawapo ni historia ya utengenezaji. Kazi ilianza kama filamu fupi ya dakika 20 hivi, ikapanuliwa hatua kwa hatua hadi ikatoka na dakika 101. Kitu kilichozaliwa kifupi kikanyooshwa, na alipolazimika kukatwa mtu alikatwa mtoto: Denzel wa mwaka 2005 yupo ili augue tu. Toleo la mwaka 2009, liitwalo Advent Children Complete, lina dakika 126. Kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde, tofauti ya urefu peke yake ni fremu 36,000, na sehemu muhimu ya nyongeza hiyo inakwenda kwa Denzel: alikotoka, aliowapoteza, alivyomkuta Cloud. Ukitaka kuelewa mwendelezo wa gemu unapungukiwa na nini, tazama matoleo hayo mawili siku mbili mfululizo. Mapigano yalikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni yule aliyebaki kulipa.

Miaka minne kabla ya Advent Children ya kwanza, kampuni iliyoitengeneza, Square Enix, wakati huo ikiitwa Square tu, ilikuwa imeungua vidole. Final Fantasy: The Spirits Within ya mwaka 2001, chini ya Hironobu Sakaguchi, iligharimu dola milioni 137 na kurudisha kama milioni 85. Kwa ufundi ilikuwa jambo la kushangaza. Mhusika mkuu, Aki Ross, alikuwa na nywele 60,000, kila unywele ukihesabiwa mwendo wake. Filamu ilikuwa na fremu 141,964, kila moja ikichakatwa kwa wastani wa dakika 90. Kompyuta moja ingehitaji zaidi ya miaka 24 bila kupumzika, ndiyo maana zilitumika kompyuta 960. Lakini haikuendeleza gemu yoyote. Hakukuwa na Cloud, hakukuwa na dunia iliyozoeleka, ni jina tu mlangoni. Aliyelijua jina aliingia akatafuta kilicho chake, hakukiona. Studio ya Honolulu iliyoitengeneza ikafungwa.

The Super Mario Bros. Movie ya mwaka 2023 ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.3, na kuna wanaoitumia kama ushahidi kwamba fomula imepatikana. Hailingani. Mario hana mwisho wa kuheshimiwa. Gemu zake nyingi zinaanza upya, binti mfalme ametekwa, twende. Hakuna deni, kwa hiyo hakuna wa kulidai.

Ugumu hasa upo kwenye filamu za katikati, zile zinazowekwa baina ya gemu moja na inayofuata. Resident Evil: Degeneration ya mwaka 2008 inawakutanisha Leon na Claire, mastelingi wa gemu za Resident Evil, miaka saba baada ya jiji la Raccoon kuangamia, na mwanzo wake kwenye uwanja wa ndege ni mzuri: watu waliodhani yamekwisha wanakuta hayajaisha. Zikafuata Damnation mwaka 2012, Vendetta 2017 na Death Island 2023. Ukizitazama mfululizo utaona jambo moja: Leon hawezi kupoteza mkono, Claire hawezi kukata tamaa moja kwa moja, Chris, stelingi mwenzao, hawezi kufa, kwa kuwa gemu ijayo inawahitaji wakiwa wazima. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwandishi ameazimwa wahusika na ametakiwa kuwarudisha bila mkwaruzo, kwa hiyo uzito wote unawekwa kwa watu wapya, ambao mtazamaji anajua tangu mwanzo ndio watakaoumia. Ndiyo sheria ya stelingi hafi, safari hii ikiwa imewekwa na ofisi.

Kwa mabanda ya huku Kusini, filamu ya kujadili zaidi ni Tekken: Blood Vengeance ya mwaka 2011, kwa sababu Tekken, gemu ya kupigana, haihitaji lugha. Mtu wa Newala na mtu wa Lindi mjini wanaweza kupigana usiku kucha bila kusoma neno. Filamu imewekwa baina ya Tekken 5 na Tekken 6. Wahusika wakuu ni wasichana wawili, Ling Xiaoyu na Alisa, wanaotumwa kumchunguza mwanafunzi mmoja. Kumchagua Xiaoyu hakukuwa kosa. Urafiki wake na Alisa, ambaye ni roboti, ndiyo sehemu pekee yenye moyo. Kosa ni kwamba ugomvi wa baba, mwana na babu, yaani Kazuya, Jin na Heihachi, ndio kila mchezaji aliokuwa akiufanya kwa vidole vyake, na filamu imeuweka mwishoni kabisa bila kuujenga njiani. Unapofika ni fujo tamu ya mapigo, lakini hakuna swali linalojibiwa. Ambaye aliwahi kumshusha Heihachi kwa Jin raundi tatu kwa bila anajua kwa vidole chuki ile ina uzito gani. Filamu ilipaswa kumwambia kitu ambacho vidole havikumwambia.

Kiswahili hakitenganishi kucheza ngoma na kucheza gemu, na Mtwara neno hilo linaeleweka hadi chini. Lipiko la Kimakonde huvaliwa kichwa kizima, mwili umefunikwa nguo, na aliye ndani hatakiwi kujulikana. Sura ni ya mti, haicheki wala hailii; uhai wote unatoka miguuni mwa anayecheza. Cloud wa mwaka 1997 alikuwa hivyo: mikono kama vitofali, mdomo haufunguki, sauti hakuna, maneno yanatokea kwenye kisanduku cha buluu. Aliyekuwa ndani ni wewe. Ukiwa na huzuni, uso ule wa vitofali ulikuwa na huzuni. Advent Children ilipompa ngozi, kope na sauti ya Takahiro Sakurai, lipiko lilibaki lilelile, miguu ikawa ya mtu mwingine, nawe ukasogezwa ukae na watazamaji.

Hasara hiyo haikwepeki, ila inaweza kupunguzwa, na Nomura aliipunguza kwa uamuzi mmoja wa busara: Cloud haongei sana. Hisia zake hazielezwi kwa hotuba, zinaachwa kwenye vitu. Bora kuliko vyote ni simu. Katika filamu nzima watu wa nyumbani wanampigia, hapokei, wanaacha ujumbe wa sauti. Baadaye simu inaanguka ziwani, inazama taratibu, na sauti za waliompigia zinasikika moja baada ya nyingine huku mwanga wa kioo chake ukishuka gizani. Mchezaji anapata mahali pa kumwagia hisia zake mwenyewe, kama alivyozoea. Filamu za Resident Evil zinamsemesha Leon hadi nafasi hiyo inaziba.

Sasa tuje kwenye kazi ya mtafsiri, maana huku filamu haijafika mpaka itafsiriwe. Tangu enzi za Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu, mtazamaji wa Tanzania amezoea sauti ya mtu anayesimulia juu ya picha, na msimuliaji mzuri anaweza kuiokoa filamu ambayo nusu ya ukumbi hawakucheza gemu yake. Advent Children inampa zawadi ambazo Kiingereza kilizipoteza. Kadaj na nduguze, akiwemo yule Loz, wanamwita Cloud kwa neno la Kijapani la kaka mkubwa. Kwa Kiingereza lilisikika geni. Kwa Kiswahili “kaka” linakaa palepale, na linabeba dharau na njaa ya undugu kwa pamoja. Jenova wanamwita mama. Mwache awe mama, usimgeuze malkia wala jini.

Kwa watoto, fanya kinyume: usifuate filamu. Denzel na Marlene wanamwita Cloud kwa jina lake kavu. Mtoto wa Masasi akimwita mtu mzima anayemlea kwa jina kavu, ukumbi utadhani ni mtoto mtovu wa adabu. Mwite mjomba Cloud. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, watu wanaohesabu ukoo kwa mama, mjomba ndiye mwenye dhamana ya mtoto. Ukisema “mjomba kahama, simu hapokei, na mtoto anaumwa,” umeshaeleza theluthi ya filamu kwa sentensi moja, na kila mtu ukumbini anajua ukubwa wa kosa.

Kabla ya kuwasha, waambie ambao hawakucheza mambo manne, dakika tano zinatosha. Kwanza, kampuni ilikuwa inavuta uhai wa ardhi kupitia visima na kuwashia taa za jiji. Watu wa mkoa ambako gesi ya Mnazi Bay inaingia Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu kwamba taa ya mbali ina kisima chake mahali. Pili, Aerith aliuawa na Cloud alikuwepo, hakuweza kumwokoa. Tatu, Sephiroth ameshauawa. Nne, ardhi yenyewe ndiyo iliyosaidia kuizuia hatari, na maji ya ardhi hiyo sasa yana ugonjwa. Usitaje majina ya wenzake wote. Watajitambulisha wakifika, mmoja mmoja, kwenye pambano na lile dubwana la Bahamut, wanapomrusha Cloud angani kwa kupokezana hadi mkono wa mwisho unapokuwa wa Aerith. Hapo nyamaza kabisa. Nyamaza pia tuni ya ushindi inapolia kanisani. Ukiwahi kusema “hiyo simu,” umeua tukio lenyewe.

Katika mazungumzo punguza sauti ya filamu hadi nusu, usiizime. Muziki wa Nobuo Uematsu unabeba kisichosemwa. Kwaya inapopanda wakati Sephiroth anatokea, acha kwaya ifanye kazi yako.

Upande wa mitambo, makosa yanayoharibu onyesho yanajulikana. Chagua toleo la dakika 126 na uhakikishe maandishi ya tafsiri ni ya toleo hilohilo. Maandishi ya dakika 101 yataanza sawa, kisha yatapotea kwenye tukio la kwanza lililoongezwa, na ukiyasogeza yatapotea tena kwenye la pili. Hayo hayarekebishiki kwa kusogeza. Kosa jingine linafanana nalo lakini chanzo chake ni tofauti: maandishi yaliyopimwa kwa fremu 25 kwa sekunde yakiwekwa kwenye filamu ya fremu 23.976 yanatangulia kidogo kidogo, na ukifika dakika ya 100 yameitangulia picha kwa dakika nne. Kwa hiyo jaribu sehemu tatu kabla watu hawajaingia: mwanzo, katikati, karibu na mwisho. Yakiwa yamepishana kiasi kilekile kote, kwenye programu ya VLC ya kompyuta ya Windows herufi G na H zinayasogeza kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza. Upishanaji ukiwa unakua, tafuta faili lingine au libadilishe kasi kwa programu ya kuhariri maandishi.

Sauti za watu zikiwa ndogo na milipuko mikubwa, usilaumu sabufa. Filamu ina njia sita za sauti, na maneno mengi yapo kwenye njia ya katikati. Ukitoa waya mwekundu na mweupe bila kukiambia chombo kiziunganishe njia zote kuwa mbili, maneno yanabaki njiani. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, chagua stereo.

Picha ya Advent Children ni ya kijivu na buluu iliyokolea. Mchana kwenye banda la mabati lenye matundu, nusu ya filamu haionekani. Kuongeza mwanga wa televisheni hakusaidii sana, kunageuza weusi kuwa majivu. Onyesha usiku, au funika matundu kwa turubai jeusi. Zima na ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo; unaongeza picha za kubuni katikati ya fremu, na panga zinaonekana zikiteleza kama kwenye maji. Ukitoza kiingilio, ridhaa ya mwenye haki na kibali cha Bodi ya Filamu vitangulie.

Kuna vijana wa Mtwara na Lindi wanaotaka kutengeneza mwendelezo wao wenyewe, na ni nia ya kuungwa mkono. Tumieni wahusika wa kubuni, maana hawa wa kampuni wana wenyewe, lakini fuateni kanuni ileile: anzieni pale pambano lilipokwisha. Chukueni mchezo mnaoujua, hata bao, muulize aliyeshinda jana ameshindaje, na leo nani hamsalimii.

Dakika tatu zinatosha kwa kuanzia. Kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 4,320. Mkichora kwa mkono na kila mchoro ukakaa fremu tatu, mnahitaji michoro 1,440. Watu wanne wakichora 12 kwa siku kila mmoja, ni siku 30. Mwendo wa haraka, ngumi na kuruka, uchorwe kila fremu mbili, la sivyo utakatakata.

Mkitumia Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni za kompyuta, hesabu inahamia kwenye kuchakata picha. Kompyuta ikitumia dakika mbili kwa fremu, dakika tatu za filamu zinakula saa 144, siku sita mchana na usiku. Kwa hiyo msianze na ukubwa kamili. Punguzeni upana na kimo kwa nusu. Muda unashuka hadi karibu robo, na hapo ndipo mtaona kwamba tukio la saba ni refu na la pili halieleweki. Rekebisheni, kisha chakateni ukubwa kamili mara moja.

Jambo moja lisipuuzwe: msichakate moja kwa moja kuwa faili la video. Umeme ukikatika siku ya nne, faili lote linakufa. Chagueni matokeo yatoke kama picha moja moja za PNG, kila fremu faili lake na namba yake, na mzime chaguo la kuandika juu ya faili lililopo. Umeme ukirudi, fungueni folda, futeni picha ya mwisho kwa sababu huenda iliandikwa nusu, anzeni tena. Kompyuta itaziruka zilizokwisha na kuendelea, tuseme, na fremu ya 2,318.